Je, Ni Uvivu Kutazama Viumbe vya Mungu?



Katika mji wa Nairobi, nchini Kenya, ambako ndugu zetu wengi wa Kongo wamefika kwa biashara au kwa kukimbia vita, iko desturi moja inayomshangaza mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Siku ya Jumatano asubuhi watu hukusanyika mbele ya jumba la makumbusho, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake, wenyeji na wageni. Hawana bunduki, wala upinde, wala wavu. Huyu ana darubini shingoni, yule ana kitabu kidogo na kalamu. Kisha huondoka pamoja kwenda kwenye miti, au kwenye bwawa, au kwenye mashamba ya kandokando ya mji.

Mwendo wao ni wa polepole, na maneno yao ni machache. Mmoja akinyosha kidole, wote husimama kimya. Juu ya ua yupo ndege mdogo, chozi, anayefyonza utamu kwa mdomo wake uliopinda. Humtazama. Huulizana kwa sauti ya chini: kifua chake kina rangi gani? Mkia wake ni mrefu au mfupi? Analia namna gani? Ndege akiruka, wao huandika walichokiona, wakaendelea na safari. Mwishoni kila mmoja hurudi kwake mikono mitupu.

Matembezi hayo ya Jumatano yalianza mwaka 1971. Ni ya chama kilichoundwa mjini humo mwaka 1909, chama cha watu wapendao kujua wanyama, ndege, wadudu na mimea ya Afrika ya Mashariki. Siku zile za mwanzo, mtaalamu aliyetaka kumjua ndege alimpiga risasi kwanza, akaikausha ngozi yake, akaiweka katika sanduku. Baadaye watu wengi zaidi walijifunza njia nyingine, yaani kumtazama kiumbe akiwa hai, mahali alipowekwa na Muumba wake, na kumwacha aende zake.

Mkatekumeni mmoja aliposimuliwa habari hizo alicheka. Akasema: “Watu hao wameshiba. Mimi nikimwona njiwa, namwona kitoweo. Na kama sina haja naye, kwa nini nipoteze asubuhi yangu?” Kicheko chake si cha mpumbavu, na swali lake lastahili jibu. Basi tuulize kwa moyo mmoja: je, mtu anayekitazama kiumbe bila kukitwaa ni mvivu? Au yuko katika kazi inayomfaa mwanadamu, na hata mkristu?

Kwanza, tuondoe kosa moja. Hatusemi kwamba kuwinda kwa ajili ya chakula ni dhambi. Mungu alimpa mwanadamu mimea na wanyama wamfae. Baba anayewatafutia watoto wake nyama kwa njia ya haki, pasipo kuvunja sheria na pasipo kumaliza mbegu ya wanyama, hana la kulaumiwa. Tena mwindaji hodari ni mtazamaji hodari. Yeye husoma nyayo katika matope kama vile ninyi msomavyo katekisimu. Ajua mnyama alipita usiku au alfajiri, alikuwa na mtoto au alikuwa peke yake. Watu wa msitu wa Ituri huijua sauti ya ndege ambaye mgeni mwenye darubini hatamwona hata mwaka mzima. Kwa hiyo kazi ya kutazama haikuletwa kwetu katika sanduku kutoka Ulaya. Wazee wetu waliifanya.

Lakini tazameni jinsi Kitabu cha Mwanzo kinavyosimulia kazi ya uumbaji. Mungu aumba nuru, aona kuwa ni njema. Aumba nchi kavu na mimea, aona kuwa ni vyema. Aumba samaki na ndege, aona kuwa ni vyema. Wakati huo mwanadamu hajaumbwa bado! Hakuna mwenye kula samaki, wala mwenye kuuza ndege sokoni. Hata hivyo viumbe hivyo vimekwisha kuwa vyema machoni pa Mungu. Basi wema wao hautoki katika tumbo letu. Kabla ya kutufaa sisi, vilimpendeza yeye. Mtu anayesimama dakika chache kumwangalia chozi juu ya ua, pasipo kuuliza atampatia faida gani, anaifuata kwa unyonge wake ile namna ya Mungu mwenyewe ya kutazama.

Tena Adamu aliletewa wanyama ili awape majina. Nani awezaye kutoa jina lifaalo kwa kitu asichokitazama? Na Bwana wetu Yezu Kristu, alipotaka kuwaponya wafuasi wake na wasiwasi wa chakula na mavazi, aliwaamuru wawatazame ndege wa angani na maua ya kondeni. Hakuwaambia wafumbe macho ndipo waone mambo ya mbinguni. Aliwaambia watazame. Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba Mungu aliumba vitu vya namna nyingi kwa sababu kiumbe kimoja hakitoshi kuuonyesha wema wake. Upungufu wa hiki hukamilishwa na kile. Simba pekee hatoshi. Tembo pekee hatoshi. Hata mchwa amepewa neno lake la kusema juu ya Muumba.

Basi mkatekumeni wetu amepata nusu ya jibu. Nusu ya pili yagusa jambo kubwa zaidi, nalo ni ukweli.

Katika matembezi ya vyama vya namna ile iko sheria ambayo wote huifuata: andika ulichokiona, wala usiongeze. Ukiona mkia tu, andika mkia. Ukisikia sauti usiyoijua, andika kwamba ulisikia sauti. Ukikosa hakika, jina la ndege haliandikwi, hata kama ungependa sana kujisifu kwamba ulimwona. Sheria hiyo yaonekana nyepesi. Mkiijaribu mtaona ilivyo ngumu, kwa maana akili yetu yapenda kukimbia mbele ya macho yetu. Macho yaona unyoya mmoja, na ulimi umekwisha kumtangaza ndege mzima.

Mtakatifu Alberto Mkuu aliipenda sheria hiyo. Alikuwa mwalimu wa Thoma, na kwa muda mfupi alikuwa askofu. Alipokuwa mkubwa wa watawa wenzake alizunguka nchi ya Wadachi kwa miguu, akichunguza viumbe njiani. Mwaka 1941 Papa Pius XII alimweka kuwa msimamizi wa wataalamu wa elimu ya viumbe. Zama zake watu wote walisadiki kwamba mbuni hula chuma na kukiyeyusha tumboni. Vitabu vilisema hivyo, na wenye elimu walikariri. Alberto alifanya nini? Alitwaa vipande vya chuma akawawekea mbuni. Mbuni wakavikataa. Mifupa na mawe madogo walimeza, bali si chuma. Basi akaandika alichokiona. Hakuwatukana waliotangulia, lakini pia hakukariri uwongo kwa sababu tu ni wa siku nyingi.

Mfano wa pili ni wa nchi yetu wenyewe. Mwaka 1913 mtaalamu Mmarekani, James Chapin, alikuwa katika msitu wa Ituri. Huko aliona katika kofia ya mwenyeji mmoja unyoya ambao hakuutambua. Akaupata, akaulinganisha na ndege wote aliowajua, asione aliye nao. Angeweza kuupa jina lolote, na nani angembishia? Hakufanya hivyo. Aliuweka bila jina miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, nchini Ubelgiji, aliwaona ndege wawili wakavu, wamesahauliwa juu ya kabati. Kibandiko chao kilisema kwamba ni tausi wachanga wa Bara Hindi. Chapin alipowatazama aliutambua unyoya wake. Hawakuwa wa Bara Hindi. Walikuwa tausi wa Kongo, ndege ambaye vitabu vya wataalamu havikumtaja bado, ingawa watu wa msitu walikuwa wakimjua na kujipamba kwa manyoya yake.

Fikirini sana juu ya kile kibandiko. Ndege walikuwapo mbele ya macho ya watu. Lakini neno la uwongo lilikuwa limebandikwa juu yao, na kila aliyepita alilisoma neno, asiwatazame ndege.

Wapenzi wangu, sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa maana sisi pia tunavyo vibandiko vyetu, na baadhi yake vimewaua watu.

Tuseme katika kijiji fulani anakaa mama mjane, mzee, asiye na watoto karibu. Nyuma ya nyumba yake iko ghala ndogo ya mahindi. Usiku mmoja bundi anatua juu ya paa lake na kulia. Usiku wa pili anarudi. Usiku wa tatu vilevile. Juma hilohilo mtoto wa jirani anashikwa na homa kali, na kabla ya kufikishwa kwenye zahanati anafariki. Kilio kinajaa kijiji. Kisha mtu mmoja anasema: “Bundi alilia kwa nani?” Mwingine anajibu: “Nyote mwajua alilia kwa nani.” Wa tatu anakumbuka methali: “Lisemwalo lipo.” Kabla ya jua kuchwa, neno “mlozi” limebandikwa juu ya mama mzee. Vijana wanaokota mawe.

Mwajua kwamba siyatungi mambo haya ili kuwatisha. Katika vijiji vya mashariki ya nchi yetu, wanawake wazee wamepigwa, wamefukuzwa, na wengine wameuawa kwa shtaka la namna hiyo. Na kati ya waliopiga hawakukosekana watu waliobatizwa.

Sasa tuwaite wale watembezi wa Jumatano na kitabu chao kidogo. Tuwape swali: mliona nini? Wangeandika hivi: tulimwona bundi juu ya paa, usiku mara tatu. Tulisikia mlio wake. Basi. Mama mzee hawakumwona akifanya lolote. Kwamba bundi alitumwa, hakuna aliyeona. Kwamba mlio ulimwua mtoto, hakuna aliyeona. Hayo yote yaliongezwa na ulimi.

Kisha wangemtazama bundi mwenyewe. Bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo hupenda kukaa karibu na watu, katika paa, katika mnara wa kanisa, katika shimo la mti mkubwa. Kwa nini? Kwa sababu ya panya. Mahindi huwaita panya, na panya humwita bundi. Masikio yake husikia mnyama mdogo akitembea gizani. Manyoya yake ni laini sana, kwa hiyo huruka pasipo sauti, na ndiyo maana hutushtua. Akimkamata panya, mara nyingi humeza mzima. Manyoya na mifupa hayayeyuki tumboni mwake, bali huyatapika yakiwa donge la kijivu lenye ukubwa wa kidole gumba au zaidi. Nendeni chini ya mti anaolala, mtwae donge lililokauka, mlifungue kwa kijiti, kisha mnawe mikono. Mtaona meno, mbavu, na fuvu dogo la panya, pengine mafuvu mawili au matatu. Roho ya mtu hamtaikuta humo.

Basi bundi yule alikuwa mlinzi wa mahindi ya mjane. Na mtoto aliuawa na homa, ambayo huletwa na mbu, nayo ingehitaji chandarua na dawa mapema. Kijiji kilichokwenda kumpiga mama mzee hakikumkomboa mtoto hata mmoja. Mbu wamebaki, na homa imebaki. Uwongo huua mara mbili, kwa maana humwumiza asiye na kosa, tena hutuficha adui wa kweli.

Mtakatifu Thoma alifundisha kwamba kosa juu ya viumbe laweza kuleta kosa juu ya Mungu mwenyewe. Mtu akimpa bundi nguvu ya kugawa mauti, amemnyang’anya Mungu kilicho chake, ajapokuwa anasali rozari kila jioni. Hatusemi kwamba Shetani amelala. Lakini njia yake aipendayo tunaijua tangu zamani, nayo ni uwongo. Kijiji kizima kinapompiga mawe mjane kwa sababu ya ndege, msiulize sana kama Shetani yumo katika ndege. Jiulizeni yumo katika mikono ya nani.

Ndiyo maana Amri ya nane haituagizi tu tusidanganye kwa kusudi. Yatukataza kumshuhudia jirani uwongo. Na anayesema “najua” juu ya jambo asilolijua, naye amekwisha kuwa shahidi wa uwongo, hata kama moyoni anasadiki. Kumbukeni kwamba Bwana wetu alipohukumiwa, mbele ya baraza walisimama mashahidi wa namna hiyo, na maneno yao hayakupatana. Mkristu anayekusanya maneno yasiyopatana ili kumhukumu mtu anajua amesimama upande gani wa baraza lile.

Labda mwingine ataniambia: “Mwalimu, wewe waandika ukiwa mbali. Siku ile, katikati ya kilio na hasira, nikisema bundi ni ndege tu, wataniita na mimi mlozi.” Ni kweli. Siwezi kuwaahidi kwamba ukweli hautawagharimu. Lakini nawaambieni hivi: mtu hawezi kuanza kujifunza ukweli siku ile ya mawe. Siku ile kila mmoja hufanya alivyozoea. Aliyezoea kukariri atakariri. Aliyezoea kutazama na kusema kadiri alivyoona, walau atasita. Atauliza: “Nani ameona?” Mara nyingine swali hilo moja, likiulizwa kwa upole na mtu ambaye wote wanajua hasemi uwongo, humpa mama mzee nafasi ya kufika misioni akiwa hai.

Sasa narudi kwa mkatekumeni aliyecheka. Ndugu yangu, mtu anayemtazama chozi asubuhi nzima akaandika kwa unyofu alichokiona si mvivu. Anazoeza macho na ulimi wake. Leo ni ndege, na kesho ni jirani. Lakini nakubali onyo lililo ndani ya kicheko chako. Mtu akizijua rangi za ndege wote, asijue kwamba jirani yake amelala njaa, huyo bado hajatazama. Darubini yake imeona mbali ikaruka mlango wa pili. Kutazama kwa kweli huanzia popote, kisha hufika kwa mtu.

Basi fanyeni jaribio. Jumapili moja baada ya ibada, mwombeni katekista awaongoze katika matembezi mafupi, mpaka mtoni au ukingo wa msitu. Msichukue manati. Nendeni polepole, kwa maana mwenda pole hajikwai. Chagueni kiumbe kimoja tu: mnana anayesuka kiota chake, au fundichuma anayebeba vijiti kwa kiota chake kikubwa, au mbayuwayu anayekamata wadudu angani. Huyo mbayuwayu huenda ametoka Ulaya akikimbia majira ya baridi, naye ni mwepesi kuliko yai la kuku. Mtazameni kwa muda wa rozari moja. Kisha kila mmoja aseme alichokiona, wala asiongeze. Akisema “nafikiri”, wengine wamwambie: “Tumekuuliza uliona nini.” Mtacheka sana. Na mtashangaa kuona kwamba watu kumi waliokitazama kitu kimoja wanaleta maneno kumi. Hapo mtajifunza kuogopa kidogo kinywa chenu wenyewe, na woga huo ni mwanzo mzuri wa Amri ya nane.

Maswali ya kujibiwa mbele ya katekista

1. Mungu aliona viumbe kuwa vyema kabla ya kuumba mwanadamu. Jambo hilo latufundisha nini juu ya wanyama wasiotufaa kwa chakula?

2. Mtakatifu Alberto alifanya nini aliposikia kwamba mbuni hula chuma?

3. Kuna tofauti gani kati ya maneno haya: “Nilimwona bundi juu ya paa la mama mzee” na “Mama mzee anamtuma bundi”? Lipi laweza kuapiwa?

4. Je, umewahi kukariri juu ya mtu neno ambalo hukuliona mwenyewe? Swali hili jibu moyoni mwako, mbele ya Mungu. Na kama mtu huyo yu hai, nenda ukalirudishe.

Sala

Ee Mungu, Muumba wetu, wewe uliyatazama mambo yote uliyoyaumba, ukaona kuwa ni mema. Utupe macho matulivu ya kuona kazi zako, na ulimi mnyofu wa kusema kadiri tulivyoona. Utuepushe na woga unaozaa uwongo, na uwongo unaozaa damu. Uwalinde wajane na wazee wa vijiji vyetu. Utufikishe kwenye ubatizo tukiwa watu wa kweli. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.